Gari Lililoziba Mlango Wangu

Karibu na Stesheni,
Morogoro,
14 Septemba 1913

Mpendwa mdogo wangu Fransisko,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia, maana najua ukiifungua barua hii shikamoo itakuwa tayari mdomoni. Hujambo wewe? Hawajambo wenzako wa relini huko Tabora? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuachia, au bado unabishana nacho? Acha ubishi, chemsha tangawizi unywe. Yuliana anakusalimu sana, na anauliza kama umekwisha pata mke au bado unajipikia ule ugali wako mbichi.

Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mimi nimekonda kidogo, lakini siumwi popote. Moyo ndio mgonjwa, mdogo wangu, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Nimefungwa nyumbani kwangu mwenyewe. Usishtuke, sikuiba kitu wala sikumpiga mtu, na shingoni sina mnyororo. Kilichonifunga ni gari.

Kuna Mdachi mwenye shamba la mkonge upande wa Mikese, ambaye ameleta motakari kutoka Ulaya, gari linalojiendea lenyewe bila ng'ombe wala reli. Likamfia njiani, si mbali na hapa. Mtu mmoja, ambaye nikimjua sitamwamkia tena, akamwambia kwamba mimi ndiye niliyetengeneza mashine ya kusagia unga ya misheni ya Matombo. Basi wakalifunga kamba, wakalikokota mpaka kwangu. Ua wangu ukabomolewa ili lipite. Wakalisukuma hadi upenuni, likasimama hapo na pua yake mlangoni, na tangu siku hiyo tunaingia ndani ubavu ubavu. Yuliana, unavyomjua kwa mwili, hupitia dirishani, na kila akipita hunitukana mimi badala ya kumtukana Bwana mwenye gari.

Bwana akaacha askari, jina lake Ahmadi, mtu wa pwani na mpole kwa kweli. Amri yake ni moja: fundi asitoke uani mpaka gari lingurume. Nisiende sokoni, nisiende kisimani, hata kanisani nisiende. Na Ahmadi naye haruhusiwi kuniacha, kwa hiyo tunakaa tunatazamana kama wake wenza.

Ningevumilia, Fransisko. Kazi ni kazi. Lakini Anastasia, mtoto wa dada yetu Kristina, bado yuko ndani kule Matombo.

Aliwekwa ndani baada ya mavuno ya mwaka jana, na jua hajaliona tangu hapo. Padre anajifanya hajui. Tangu gari hili lije, ngoma ya kumtoa imepangwa mara mbili, na mara zote mbili imevunjika kwa sababu yangu. Wewe unajua desturi yetu: mwali hatolewi nje na mtu yeyote ila mjomba wake. Baba yake, hata angekuwa hai, hana neno hapo. Na mjomba aliye karibu ni mimi, ninayechungwa kama mbuzi.

Wanawake wanaoshusha ndizi kutoka Matombo hunipitia na kuniletea habari, na kila habari ni mbaya kuliko ya jana. Mtoto anakohoa. Amepauka kama muhogo uliochipua gizani, na chakula hakimpiti. Kristina anataka kufungua mlango, lakini kungwi amekataa, anasema akitoka bila mjomba atahesabiwa kwamba hakutoka, na hakuna nyumba itakayomposa. Tena dada ametuma niulizwe kama nina kinyongo naye. Neno hilo lilinichoma, maana wewe unajua jinsi ninavyompenda yule mtoto.

Basi nikaifungua ile injini kwa haraka ya mtu anayechimba aliyefukiwa. Mle ndani kuna mnyororo mfupi, haufiki hata urefu wa mkono. Unazungushwa na gurudumu la meno lililoko chini, nao unalizungusha jingine lililoko juu, na hilo la juu ndilo linalofungua na kufunga vimlango vya kupitisha hewa na moshi. Mnyororo ulikuwa umelegea mpaka ukaruka meno. Bwana alikuwa na mwingine mpya sandukuni. Kazi yenyewe si ngumu, ila ina sharti moja: magurudumu yale mawili yakae vilevile yalivyokuwa kiwandani. Yakikosea jino moja tu, vimlango vinafunguka wakati usio wake. Kwa hiyo kabla ya kuyatoa niliyatia alama kwa udongo mwekundu uliokandwa na mafuta ya nyonyo. Nikayaweka juu ya mkeka, nikaenda kunyoosha mgongo.

Nilipoamka, magurudumu yalikuwa yanang'aa juani pamoja na sufuria.

Yuliana aliyakuta yana masizi, akaona anisaidie ili nimalize upesi niende Matombo. Akayasugua kwa jivu na mchanga mpaka nikaona uso wangu ndani ya chuma. Alama zote zilikuwa zimekwenda na maji. Alisimama pale akingoja nimshukuru. Nilikaa chini. Alipoelewa alichofanya alilia kuliko siku ya msiba wa mama yake, na mimi ndiye niliyembembeleza.

Nikayarudisha kwa kukisia. Ahmadi, ambaye mikono ilikuwa inamwasha kwa kutamani, akaomba azungushe ule mpini wa mbele wa kuwashia gari. Akauzungusha mara moja. Gari likatoa mlio wa bunduki, kuku wa mtaa mzima wakaingia vichakani, na mpini ukarudi kinyume ukampiga kifundo cha mkono. Mkono ulivimba pale pale. Nilidhani sasa nimekwisha, nitapelekwa bomani nikale viboko hamsa ishirini. Yeye akauma meno, akaniambia, "Fundi, Bwana akija, mimi nimeteleza kisimani." Yuliana alimkanda kwa maji ya moto, na tangu hapo askari wetu anakula nasi sinia moja.

Nikaanza upya, safari hii bila haraka. Nilitumbukiza kijiti cha mtama katika tundu la juu la injini, nikamwambia Yuliana azungushe mpini polepole huku mimi nimeshika kijiti, nipate kusikia chuma cha ndani kinapopanda na kinapofika kileleni. Kikifika nilitazama vimlango. Tulifunga mnyororo, tukaufungua, tukaufunga tena, mpaka yeye mwenyewe akaanza kuniambia, "Bado, baba, hicho cha kushoto kimechelewa." Ijumaa gari likakohoa, likashika, likanguruma mpaka udongo ukadondoka ukutani. Nikamkumbatia mke wangu mbele ya watu, mambo ambayo mimi sifanyi.

Nilikuwa nimekwisha funga furushi la safari. Bwana alikuja, akasikiliza, akacheka kwa furaha, akanipiga bega. Kisha akasema fundi kama huyu haachwi. Keshokutwa anaanza safari ya Kilosa, halafu Iringa kwa kadiri njia itakavyokubali, na mimi nitakaa nyuma ya gari na spana zangu mpaka mvua zitakapoturudisha. Nilimweleza juu ya mwali. Nilimweleza kwa unyenyekevu wote nilio nao. Akasema mambo ya wanawake yanaweza kungoja, na kwamba nikikimbia, Yuliana ndiye atakayekaa bomani mpaka nirudi.

Hayawezi kungoja, Fransisko. Mvua zikianza watu wote watakuwa mashambani, hakuna atakayecheza ngoma. Mtoto atabaki ndani mpaka mavuno mengine, na kwa jinsi wanavyonisimulia kile kikohozi, sidhani kama atafika.

Sitakuficha: jana nilishika nyundo. Pigo moja tu kwenye lile gurudumu la juu, na Iringa hakuna. Ahmadi aliniona. Alinigeuzia mgongo tu, akabaki ameushika ule mkono wake mbovu. Nikajua kwamba gari likifa tena, viboko ni vyake. Nikaiweka nyundo chini. Nimekasirika mpaka leo, na sijui niliyemkasirikia ni nani.

Sasa nakuomba, na hii ndiyo sababu ya barua. Omba ruhusa. Wakikunyima, ugua. Panda garimoshi la kwanza utakalolipata. Ukishuka hapa stesheni usipite kwangu hata kumsalimu shemeji yako, maana Bwana anarudirudi hapa, na akiiona mikono yako ya relini atakutia nawe garini. Pita nyuma ya soko, shika njia ya Matombo moja kwa moja.

Ukifika, usingoje pombe iive wala watu wakusanyike wote. Ingia, mbebe begani, umtoe kwa mlango wa mbele, wamuone. Utamkuta mwepesi, jikaze usionyeshe uso. Na ujue unachobeba. Anayemtoa ndiye mjomba wake siku zote. Posa zitaletwa kwako, mashauri yake yataletwa kwako, na watoto wake watahesabu ujomba kutoka kwako, si kwangu. Nafasi hiyo niliitunza tangu siku alipozaliwa. Nakupa.

Akikuuliza Mjomba Agustino yuko wapi, usimpe hadithi ya gari. Mwambie mjomba wake ni wewe.

Nisalimie Kristina, umwambie sina kinyongo, sijawahi kuwa nacho. Nisalimie bibi kungwi pia, ingawa ana roho ngumu. Ahmadi ndiye anayeipeleka barua hii posta kwa mkono wake mzima, naye anakusalimu bila kukujua. Bikira Maria akutangulie mlimani, na njia iwe kavu.

Ni mimi, kaka yako wa tumbo moja, nikupendaye,

Agustino