Wimbo ya Bapasa Mbele ya Juje

Kamina, siku ya yenga, siku ya kusali, mwezi ya sita 1999

Mama Salomé mupendwa,

Jambo yako, mama. Uko namna gani? Magoti inakuumiza bado? Na bandugu ya huko Kinkondja, kisha maziko ya mujomba, roho yao ilitulia kidogo? Siye huku tuko bazima, tunakula, tunasali, na Mungu anatulinda katikati ya hii vita. Ni minyi Hulda, binti yako ya kwanza, na usiogope, nakuandikia habari ya furaha.

Najua habari ilikufikia: kaka Élisha alikamatwa, basoda ya jeshi banataka kumuua. Ilikuwa kweli, mama. Kama uko unafunga kula juu yake, kunywa hata maji, kisha usikilize yote tangu mwanzo.

Ilianza na baraka. Béthanie, bibi ya Élisha, alizaa bapasa, batoto babili mara moja, Noé na Éliane, banene, benye kulia mpaka jirani analalamika. Unamujua mutoto yako: furaha ikimupata, hawezi kukaa nayo ndani ya nyumba. Akajipakaa pemba, ule udongo mweupe, ku uso, akachukua sahani na kijiko, akatoka mchana kweupe na bajirani kuimba wimbo ya bapasa mu barabara. Bakatukana kila muntu, namna yetu siye Baluba: muuza mihogo, katekista, hata chefu ya kartie, mukubwa ya mutaa yetu. Bote bakacheka, maana matusi ya bapasa ni baraka. Ukikasirika, njo unajitafutia mikosi.

Bakafika ku bariere, pale basoda banafunga barabara. Pale kulikuwa kaporali mugeni, muntu ya mbali, hajue Kiluba. Na mutoto yako, kwa heshima (heshima, mama!), akaona haiko muzuri kutukana muntu mu luga haisikii. Akamuimbia mu Swahili. Akamuambia miguu yake ni fimbo, suruali inamukimbia, mama mukwe yake anamucheka. Basi atupe ile bunduki, arudi kwao alale.

Atupe bunduki, arudi kwao! Wakati ya vita! Kaporali hakucheka hata kidogo. Bakamufunga Élisha mu kasho, bakamuandikia kosa ya kuchochea basoda bakimbie vita, na azabu ya kosa ile ni risasi. Wiki na wiki Béthanie alinyonyesha huku analia, na minyi nilipeleka bukari bila kujua kama kesho atakuwa pale kuikula.

Siku ya tribunali, chumba ilijaa mpaka ku madirisha. Mushitaki akaomba kifo. Avoka yetu, mwenye kumutetea, akaeleza kama ni desturi. Juje mukubwa, naye muntu ya mbali, akauliza nani atasimama kushuhudia kama kweli duniani kuna bantu benye kufurahia batoto kwa kutukana basoda. Kila muntu akaangalia viatu yake, juu ya woga.

Njo baba akasimama. Ee, baba yetu Éliézer, karani, Metodiste ya kufunga madirisha wakati wimbo ile inapita! Akaapa, mukono ku Biblia. Juje akamuambia aimbe, basikie. Mama, nilitaka kuingia chini ya benchi. Baba akatosha miwani, akaipangusa, akairudisha, akaimba. Na kwa sababu hauwezi kuimba wimbo ya bapasa bila kumutukana mwenye kuwa mbele yako, akamutukana juje: masikio yake, tumbo yake, na ile kofia yenye kumukalia kama sufuria. Ndani ya moyo nilishazika bote babili, baba na kaka.

Soda muzee ya mulango, muntu ya Kaniama, Muluba kama siye, njo alianza. Akacheka kidogo, akaziba kinywa, ikamushinda. Kisha chumba nzima. Kisha juje mwenyewe, uso nyuma ya karatasi, mabega inarukaruka.

Bakaenda kushauriana, bakarudi. Juje akasoma: kosa ya kuchochea basoda haikuonekana, kwa sababu hakuna jeshi inakimbia vita juu ya sahani na kijiko. Lakini kutukana soda mu kazi yake, hiyo imeonekana, na Élisha mwenyewe aliikubali, akasema hata alijikaza amutukane muzuri. Azabu: siku alishalala mu kasho inatosha. Atoke leo! Béthanie akamubebesha bapasa bote babili pale pale, vigelegele ikapasua sikio. Hata kaporali alileta kipande ya sabuni ya batoto, maana balimufundisha kama mwenye kutukanwa anatoa zawadi.

Sasa, mama, kuna neno moja lazima uisikie kwangu mbele ya kuisikia mu njia. Baba alipomaliza kuimba, juje alimuuliza yeye muntu ya kanisa alijifunza wapi bintu kama hii. Baba alishaapa, na unamujua. Akasema ni bibi yake, Salomé. Ilikuwa kule Sanga, wakati dada yako alizaa bapasa. Weye njo ulikuwa mbele, unaongoza, hakuna mwenye kukushinda. Ulimutukana baba, pua na suruali yake, mpaka akakosa pa kujificha, na siku ile ile njo alikata shauri ya kukuoa. Bantu bote balisikia, mama, na pasteri pia. Baba alilia mbele yao bila haya.

Kuko na mustari moja alikataa kuimba mbele ya juje. Nilimuuliza ku nyumba. Akasema ile haiko yake, ni yako, na anakungojea weye.

Bamama ya kanisa nabo banakungojea, juu ya mustari ile ile, banataka kuisikia. Usalimie bandugu bote, na Élisha anakushika mikono.

Ni minyi, binti yako,
Hulda Nkulu