Mfugaji Mdogo Kuliko Kupe

Balambala,
Ijumaa, baada ya swala.

Kwa rafiki yangu Mwalimu Peterson, Masalani,

Asalaam aleikum, na salamu za kwenu pia. U hali gani, na mama watoto, na kile kifua chako? Sisi wazima, ngamia wanapumua, na mimi bado ndiye hodari wa hapa. Muulize yule kiboko niliyemfukuza kwa kiatu.

Sasa shamba letu la nyanya. Ile michoro myeupe kwenye majani, kama mtoto kachezea chaki, niliiona kazi ndogo. Mdudu ni mdudu. Nikanyunyiza upande wa mtoni dawa ya kupe wa ngamia. Michoro ikazidi, majani yakakauka. Mke wangu Abshiro akaniuliza kama kesho nitazipeleka nyanya josho, zikaogeshwe na ngamia. Basi ulipotuma ile chupa ya sumu kali, ukisema mafuriko yalibeba mavuno ya kwanza na haya tukiyapoteza tumekwisha, nilikuwa tayari na pampu mgongoni.

Zilpah, yule binti wa ofisi ya kilimo, akanizuia. Akanipa kioo cha kukuzia, akaniambia nilale kifudifudi upande ambao sijaunyunyiza. Nikalala, mtu mzima mimi.

Subhanallah. Kumbe ndani ya jani mna funza anayejichimbia njia huku akila. Juu yake akaja nyigu mweusi, mdogo kuliko kupe mchanga, akigonga jani kwa vipapasio kama kipofu na fimbo yake. Akasimama. Akadunga sindano, funza akalegea palepale. Akataga yai kando yake, ili mtoto akitoka akute nyama mbichi, bila friji. Funza mwingine, mdogo, nyigu akamdunga pia, lakini hakutaga. Aliinamia tundu akamnywa. Zilpah anasema funza wanene huwawekea watoto wake, wadogo huwala mwenyewe. Peterson, huyo ni mfugaji. Anatenga kama sisi tunavyotenga wa kuzaa na wa kuchinja. Nani alimfundisha? Nilisahau hata kujisifu.

Upande wa mtoni sikuona nyigu hata mmoja. Niliwamaliza mimi, kwa ile dawa ya kupe.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sikukutii. Chupa yako inarudi na barua hii, haijafunguliwa. Najua nusu ya nyanya ni zako, na najua mambo ya kiboko yamenipunguzia kuaminika. Hili sijaliongeza kitu. Njoo ulale chini kwanza, uangalie jani moja. Ukiinuka na mkono wako bado unaitaka pampu, nyunyiza. Maji nitakuchotea mwenyewe.

Abshiro anakusalimu, na wapwa zangu wanauliza utawaletea nini. Wafikishie salamu wote wa nyumbani kwako, Mungu akupe pumzi.

Ni mimi rafiki yako,
Mowlid Olow