Mlevi wa Kwenye Sinema

Jumamosi, 4 Agosti 1951
Stoo ya kambini, hapa Nachingwea, mpaka saa nane. Vipuri vya trekta vimeletwa vimechanganyika tena. Nimevipanga upya peke yangu, wenzangu wamekaa wanapiga soga. Ugali na kisamvu.
Baada ya Isha gari la sinema limekuja uwanjani. Nimejiona kwa mara ya kwanza. Ni ile picha tuliyopigwa Kiegei mwaka jana, mimi nikiwa mlevi. Nakunywa mshahara wote, nampiga mke, naanguka njiani, nakufa, nazikwa. Mke ni Bi Tausi, mfua nguo wa kambini. Mimi sina mke bado. Watu walicheka, wakanizomea, wengine wakalia. Nimefurahi sana. Nimewashinda wote kwa kucheza.

Jumatatu, 6 Agosti
Hasira. Kila anayekuja dirishani kuchukua kipuri ana neno. Dereva mmoja kauliza kama pombe imeniisha kichwani. Muuza vitumbua kaniambia hauzii walevi. Nimemweleza ule ni mchezo. Ati mchezo gani, kaona kwa macho yake!
Sijaonja pombe maishani. Naswali. Watu wazima na ndevu zao hawajui mchezo. Dereva wa pili sikumvumilia, nimemkamata ukosi. Wametuamua.

Alhamisi, 9 Agosti
Yamenifika. Jana sinema ilikuwa Ruangwa. Mzee Bakari, baba yake mchumba wangu Zainabu, alikwenda kutazama. Leo katuma mtu: nikachukue posa yangu.
Si kwa ajili ya pombe. Si kwa kufa. Ati nimezikwa bila mtani! Uwanja mzima waliulizana: maiti gani hii inakwenda kaburini kimya kimya? Hakuna wa kuziba njia, hakuna wa kudai kuku, hakuna wa kumwiga marehemu. Asiye na watani hana kwao. Kwa hiyo mimi ni mwongo, ukoo niliowatajia haupo.
Ukoo ninao. Mtani ninaye, Chande, fundi baiskeli. Na siku ya picha alikuwepo! Alijilaza mbele ya jeneza akaiga ninavyokoroma. Mzungu wa picha akamfukuza, ati anamharibia huzuni. Huzuni ya nani? Msiba wetu anatufundisha yeye?
Nimepiga teke ndoo. Imepasuka. Potelea mbali.

Jumapili, 12 Agosti
Tumepanda lori la mizigo, mimi na Chande, mpaka Ruangwa. Njia nzima nilifoka.
Tulipofika akajitupa mlangoni kwa Mzee Bakari, akaanza kunililia kwa sauti. "Mlimzika bila mimi! Mlafi yule, ugali wake nani ataumaliza? Nipeni kuku wangu, la sivyo namfukua!" Mimi nimesimama palepale, mzima. Mzee alikaza uso. Akajikaza tena. Halafu akacheka mpaka akakaa chini. Chande kapewa kuku, posa imebaki pale pale. Watu wote wakawa ndugu.
Kisha Zainabu akaomba kusema nami, shangazi yake akiwa pembeni. Nilikuwa bado nafoka. Nikamwambia watazamaji wote wa nchi hii ni wajinga, hawajui sinema ni nini. Akaniacha nimalize.
"Kaka Saidi, mimi nilijua ni mchezo. Kuyumba vile nani alikufundisha?"
Mzungu, nikamjibu. Asubuhi nzima ananionyesha.
"Na kufa?"
Yeye huyo huyo. Tulirudia mpaka jua likatua.
"Na kumpiga yule mama?"
Hakuna aliyenifundisha. Ile tuliicheza mara moja tu, Mzungu akasema vizuri sana, tuendelee.
Zainabu kasema haolewi nami. Baba yake atamwambia mwenyewe. Shangazi hakumkataza. Nikasimama kwa ghadhabu niseme neno. Wote wawili wakarudi nyuma.
Nikatoka nje. Nimerudi Nachingwea juu ya magunia. Chande na kuku wake, hajui lolote, anaimba.

Jumatatu, 13 Agosti
Stoo. Hakuna aliyenikejeli leo, Chande kawaambia wote yaliyotokea kwa Mzee Bakari. Sikumwambia yaliyobaki.
Alasiri Bi Tausi alipita na beseni la nguo za kambini. Nilitoka nje nikamwamkia. Nikamuuliza kama siku ile ya picha nilimuumiza.
Alitua beseni kwanza. Akasema sikio lilivuma mpaka kesho yake. Mbona hukuniambia, nikamuuliza. Akasema mimi ndiye wa kwanza kuuliza.
Nimemwomba radhi. Kaitikia kwa kichwa tu. Nikamsaidia kujitwisha beseni, akaenda zake.
Nimefunga stoo mapema. Leo sina hamu ya kula.