Mbao za Nyumba Yetu Zimekunywa Tena

Kwako Baba, ambaye ungekuwa hai ungeniuliza kwanza kama nimepaka mafuta,

Nimepaka. Kucha zangu bado nyeusi, na jana mteja aliyeniletea kitenge nimshonee alivitazama vidole vyangu, akakirudisha kitambaa kwenye mfuko wake. Sikumlaumu. Nimepaka pande zote nne za nyumba, hata ule wa jikoni ambao wewe mwenyewe ulikuwa unauruka.

Sasa nikupe habari nzito: nyumba tumeiuza. Mama magoti yamemshinda. Ile njia ya mawe kutoka barabarani hadi mlangoni alikuwa anaipanda akipumzika mara tatu, na mvua ikinyesha hatoki kabisa. Siku hizi anakaa kwangu, huku chini karibu na soko. Alikubali tuuze kwa sharti moja tu. "Uzia mutu atalala ndani," aliniambia. "Wakiibomoa, mi usiniambie."

Shida ikawa hapo. Kila aliyekuja kuangalia aliishia kwenye ukuta wa nje. Bwana mmoja anayetafuta mahali pa kujenga hoteli aligonga ubao wa chini kwa ncha ya kiatu, na kiatu kikaingia ndani. Hakutaka hata kuona sebule. "Kiwanja ni kizuri," alisema. "Nyumba tutaitoa." Nilirudi nikamwambia Mama kwamba mteja hakufika.

Na kosa lilikuwa langu, Baba, tena nalisema wazi. Unakumbuka kila mwezi wa saba, mvua zikishakatika, ulivyokuwa unarudi kutoka gereji na kidumu cha mafuta machafu ya injini. Ya bure, maana hukupenda kununua kitu ambacho mwingine anamwaga. Sisi watoto ulitupanga ukutani, kila mmoja na brashi yake. "Mbao iko na kiu," ulikuwa unasema. "Muinyweshe." Mimi nilikuwa naziba pua kwa mkono mmoja na kupaka kwa mwingine, naacha mistari mikavu katikati, na wewe unapita nyuma yangu kimya kimya kuijaza. Shuleni waliniita Gereji. Nililichukia jina hilo hadi nikakuchukia na wewe kidogo, kama wiki moja hivi kila mwaka.

Ulipofariki sikupaka tena. Nilijiambia ni huzuni. Uongo mtupu. Nilifurahi kwamba hakuna wa kunilazimisha, na miaka ikapita hivyo, na mvua ikazila mbao za chini taratibu.

Basi nikafanya anachofanya mtu mwenye aibu: nikanunua rangi. Rangi ya krimu, ile ya bei ya chini, nikapaka upande wote wa mbele nikijisifu. Siku ya tatu ilikuwa bado inanata. Siku ya tano ikaanza kujikunja na kushuka kama utando wa maziwa. Nikamwita fundi Sadiki, seremala wa nyuma ya msikiti. Alishika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini.

"Dada, babako alipaka mafuta miaka yote ile, na we unaweka rangi juu yake? Hii mbao haitaki rangi, hata uiombe."

Alipomaliza kucheka alinihurumia. Alijua sina uwezo wa mbao mpya za nyumba nzima. "Bon, sawa," akasema, "tunatoa zote. Za chini zimekufa, tunaweka mpya. Za juu iko nzima, tunazigeuza. Upande wa ndani haujaona mvua hata siku moja."

Wazo lilikuwa zuri na rahisi kwa mfuko wangu, ila lilinitia hofu. Kwa sababu ili kugeuza mbao lazima ufungue ukuta, na ndani ya ukuta kuna nguzo. Kama uvivu wangu ulikuwa umefika hadi kwenye nguzo, basi yule bwana wa hoteli alisema kweli, hapakuwa na nyumba ya kuuza. Asubuhi Sadiki alipong'oa ubao wa kwanza nilisimama njiani nimempa mgongo, simu sikioni, naongea na mtu ambaye hayupo. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Mama.

"Dada, kuja uone."

Nguzo zilikuwa kavu, ngumu, nyeusi kuanzia mguuni hadi kiunoni. Ulikuwa umezinywesha mafuta kabla hujafunga ukuta, sisi hata hatujazaliwa. Sadiki alipiga moja kwa nyundo, ikalia vizuri. Nilikaa juu ya rundo la mbao mbovu nikalia na mimi. Miaka yote hiyo nilidhani nimeiua nyumba yako. Kumbe hukuniachia kazi yote.

Ukuta ulipofungwa ulionekana wa viraka, mbao mpya nyeupe huku chini na zile zilizogeuzwa zimefifia huku juu. Nilichukua kidumu nikaenda gereji kwa miguu yangu.

Jumamosi alikuja mama mmoja anayevusha nyanya kila siku pale mpakani, Petite Barrière. Alisimama mlangoni akanusa. "Harufu hii naijua," alisema. "Kwetu Goma tulikuwa na nyumba ya mbao." Akaingia moja kwa moja, akaanza kuwagawia watoto wake vyumba. Wakati wa kutoka aliuliza inapakwa lini.

"Mwezi wa saba, mvua zikikatika," nilimjibu. "Mbao iko na kiu." Nilimpa kidumu na mafuta yaliyobaki.

Mama hakuniangalia nilipoingia. "Wanabomoa?"

"Hapana, Mama. Watapaka."

Aliivuta mikono yangu, akainusa, na kwa mara ya kwanza tangu ahame akacheka. "Babako alikuwa ananuka hivi hivi mpaka mwezi wa nane."

Baba, pumzika sasa. Mwaka ujao, mwezi wa saba, nitapita ile barabara ya nyumba yetu ya zamani, nikiwa na shughuli huko au sina, na sitaziba pua.

Ni mimi binti yako,
Gereji