Kisanduku cha Fyuzi cha Ngigi

Nakuru,
11 Juni 1957

Dada yangu mpendwa Wachuka,

Salamu za upendo zikufikie hapo Kabazi. Hujambo? Kifua cha mama kimetulia? Na Rahab, mjane wa kaka yetu Ndung'u, wanaendeleaje yeye na watoto? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauko sawa. Barua hii nimempa Chemutai, mke wa fundi mwenzangu, akukabidhi mkononi, maana za posta hufunguliwa. Ningekuja mwenyewe mbio, lakini pasi ya kusafiri serikali imeninyima.

Mchumba wako Ngigi alifika hapa gereji juzi akisukuma ile pikipiki yake kuukuu. Alinieleza kwamba kila akiwasha taa injini inazimika, naye Jumamosi anakuja kwetu kuanza mambo ya mahari, hataki wazee wamwone akitoka jasho kama punda. Nilimcheka, naye akacheka. Nikajiambia huyu ni shemeji, nimfanyie kazi ya kujivunia.

Nilipofungua nilikuta balaa. Nyaya za zamani zimevikwa kitambaa, kitambaa kimeoza, na shaba inagusa chuma kila mahali. Fyuzi, ule uzi mwembamba unaoungua na kukata umeme nyaya zikizidiwa, ilikuwa moja kwa pikipiki nzima, tena mtu ameitoa akaweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Niling'oa zote. Nikapitisha nyaya mpya na kufunga kisanduku ambamo taa ina fyuzi yake, honi yake, injini yake, ili moja ikiungua nyingine zifanye kazi.

Ikabaki taa ya breki. Nilichuchumaa nyuma, nikamwomba asimame kando anikanyagie breki. Alipochoka kungoja, aliinua mguu wa kushoto, akausugua kwenye muundi wa kulia, akausugua tena, kisha akapiga kishindo. Bisibisi ikaniponyoka.

Wachuka, siku ya gunia, mwaka wa hamsini na nne, wewe ulikuwa Njoro kwa shangazi. Sisi wanaume tulichuchumaa uwanjani kwa mzungu, mikono kichwani, macho chini. Yule msaliti akapitishwa mbele yetu amevikwa gunia lenye matundu mawili. Walimficha uso, wakasahau kwamba aliyechuchumaa haoni kingine ila miguu. Kila kabla ya kumtikisia mtu kichwa, mguu ule ulisugua, ukasugua, ukapiga kishindo. Mbele yangu ulitulia. Mbele ya Ndung'u ulisugua, naye akachukuliwa kunyongwa. Leo hata kaburi lake hatulijui.

Nilijipa moyo kwamba miguu ya watu hufanana. Nikamuuliza kama mzaha pikipiki aliipata wapi. Alijibu kwa majivuno kwamba mzungu fulani alimpa mwaka wa hamsini na nne, kama asante ya kazi. Nilipouliza kazi gani, alitazama barabarani. Sijui kama anakumbuka ni nyumba ya nani aliyoivunja.

Sasa nikuambie ukweli, wala sioni haya. Nilitaka kumuua. Ningeweka waya mnene mahali pa fyuzi, nyaya zingewaka chini ya tanki la petroli kwenye mteremko wa Subukia. Waya niliukata. Niliushika muda mrefu, kisha nikautupa. Usidhani nilimhurumia. Angekufa peke yake, halafu wewe ungemlilia kama mtu mwema, na hilo nisingelivumilia. Kwa hiyo nilifunga kila kitu vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nataka afike.

Najua unampenda. Nami nimekuandikia nikijua hivyo. Jumamosi waite wazee wote waliochuchumaa siku ile na kurudi nyumbani. Waketi chini kwenye mikeka, wala wasiambiwe lolote. Ngigi asimame mbele yao ajieleze ni mtoto wa nani, na mzee mmoja amcheleweshe kwa maswali. Rahab awe karibu. Wakiisha kumjua, usimwombee.

Nisalimie mama, umfiche haya mpaka siku yenyewe. Wabusu watoto wa Ndung'u. Na Ngigi akishaingia ndani, nenda kwenye pikipiki, ufungue kisanduku kilicho chini ya kiti. Fyuzi ya injini ni ya kwanza kushoto. Inatoka kwa ukucha tu.

Ni mimi kaka yako,
Kahiga