Kiuno cha Inchi Thelathini na Moja

Dingwall, 9 Machi 1958

Kaka yangu mpenzi Torquil,

Pokea salamu za huku nyumbani, na pole kwa baridi ya Kanada. Mimi mzima, ila vidole vimevimba. Wewe je? Nijibu kweli, usinijibu kwa adabu.

Kilti ya Baba unayoitaka kwa harusi ya mwanao Kirsty haijawa tayari, na si uvivu wangu. Unajua kilti, sketi ya heshima ya wanaume wa kwetu, ni yadi nane za kitambaa zilizokunjwa marinda. Ukifumua unaishona upya kwa kiuno cha mwingine. Nilifumua, nikashona kwa kipimo chako cha kiuno, inchi thelathini na nane. Nilipomaliza kunywa chai nikaipima: thelathini na sita. Nikayalaumu macho yangu, nikafumua tena.

Mara ya pili nilimwita Lachie wa buchani, mwenye kiuno kama chako, aijaribu. Akaingia na maneno yake, eti leo Effie ananivisha sketi. Nikamwambia afunge domo apige magoti, maana upindo ukigusa sakafu kilti ni ndefu. Haukugusa. Ulikaa katikati ya goti, safi kabisa. Lakini juu, usawa wa kitovu, mikanda haikukutana. Lachie akaacha utani. Alisema kuna mtu anaivuta kwa nyuma, akaivua palepale, akaondoka bila kofia yake.

Kisha ikaja barua yako: unakonda, umetoboa matundu mawili mapya kwenye mkanda, na daktari haoni ugonjwa. Niliomba iwe ile thelathini na nane ulijipima panapokaa suruali, kosa lenu wanaume wote. Asubuhi hii kilti ina thelathini na tatu.

Torquil, nilikudanganya. Baba hakukuachia kilti. Alitaka azikwe nayo, akanishika mkono niahidi, nikaahidi. Nilimpima kiuno mwenyewe siku ile ya mwisho: thelathini na moja. Halafu nikamvisha suti. Nilidhani kilti ikibaki utakuja kuichukua. Miaka kumi na moja hujakanyaga hapa, hata mazishini hukuja, na nyumba imenielemea. Nisamehe.

Kesho mchungaji ananiruhusu niifukie kaburini kwa Baba. Wewe vaa suti harusini, usione haya. Mkeo Janet akupime leo hii, kitovuni, wala asikusikilize ukisema kipimo chako unakijua. Kisha nitumie telegramu. Sitaki maneno, namba tu.

Wasalimie wote wawili. Akukumbukaye siku zote,

Dada yako,
Effie