Nikisema Naumwa, Wananipigia Makofi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali wewe usinicheke maana wanaonicheka wananitosha. Mimi ni mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, nikikutajia jina utanijua, na watu wananijua zaidi kwa kufa, kwa sababu kila mwongozaji akitaka mama wa kufa taratibu huku watazamaji wanafuta machozi ananiita mimi, basi tangu mvua zianze kifua kinanibana kweli, mkono wa kushoto unakufa ganzi, nikamwambia mume wangu, akapunguza sauti ya televisheni, akanitazama mpaka mwisho, akapiga makofi, na binti yangu akasema, "Mama, ile ya kwenye filamu ilikuwa kali zaidi, hapa unahema mno," wakacheka, nami nikacheka nao kwa mazoea. Juzi nikaanguka mazoezini na kikombe changu cha chai mkononi, wenzangu wakanyamaza kwa heshima wakingoja nimalize, mwongozaji akasema, "Hiyo hiyo, tusiibadilishe!" nami nipo sakafuni naona viatu vyao tu. Mshauri, kila kilio nilicho nacho nimeshakiuza, nikisema kwa upole ni yule mjane, nikipiga kelele ni yule mama mkwe, sina sauti iliyobaki ya kusema naumwa. Nimekata tamaa. Nifanyeje waniamini?

Marehemu wa Kila Wiki

JIBU

Pole, dada yangu, pole sana. Lakini umenikera! Mkono unakufa ganzi, nawe bado unatafuta watazamaji? Nani kakwambia hospitali mtu anaingia kwa ruhusa ya makofi? Na huko kucheka nao ukome, ndiko kunakokuponza.

Weka gazeti chini. Chukua teksi, usimuage mtu. Daktari akikuuliza, usimweleze kwa ufundi, mpe mkono apime. Vipimo havijawahi kuona filamu zako.

Sikufichi, naogopa. Gazeti hili hutoka mara moja kwa wiki, na barua yako ilikaa mezani kwangu ikisubiri zamu.

Kwa hiyo maneno yaliyobaki ni ya shemeji. Kama unasoma hapo sebuleni na mkeo amelala kwenye kochi, ametulia mno, mimi sikumwona wala sikumsikia, nimesoma tu nikaamini. Usipige makofi. Inuka, umguse.